Malalamiko kuhusu katalogi yenu ya mbegu za madume

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya wafugaji wenzangu wa huku Masasi tunaonunua mirija ya mbegu za madume ya kupandishia ng'ombe kwa wakala wenu. Kwa kweli hatujaridhika.

Yule dume wa Friesian mliyemsifia sana, kwenye katalogi mmemwandikia maziwa tu kwa maandishi makubwa, jumlisha paundi 1,200 (za uzito, sio hela), basi watu wakatoa hela ya korosho wakapandishia. Mitamba iliyotokana naye imezaa na maziwa ya uzao wa kwanza yalikuwepo, hilo sikatai, ila baada ya hapo huyu anaugua kiwele, yule haingii joto, mwingine anapandishwa hashiki mimba, wengi wameishia bucha kabla ya uzao wa tatu. Jamani, mtamba unamlisha miaka 2 na zaidi hujapata hata kikombe cha maziwa, sasa akizaa mara mbili akaondoka hela ya mtu inarudi saa ngapi?

Ndo nikatafuta tathmini kamili ya huyo dume. Kumbe Marekani wanakomtoa, tangu 1994 wanatoa na hesabu ya muda ambao mabinti wanadumu kwenye uzalishaji, inaandikwa kwa miezi, juu au chini ya wastani. Wa kwenu ana hasi! Yani namba mlikuwa nayo mkaikata mkatuachia ile inayouza.

Asilimia ya uhakika, ile inayoonyesha makadirio ya dume yanaaminika kiasi gani, nayo hamjaweka, na hapo ndo naumia zaidi, maana maziwa yanarithiwa kama robo hivi ila kudumu kunarithiwa kidogo mno, chini ya asilimia 10, kwahiyo bila mabinti wengi waliokaa miaka zizini huwezi kujua dume anazaa wanaodumu au la. Dume kijana anakadiriwa kwa vinasaba tu, sio vibaya, lakini mnunuzi aambiwe.

Halafu wakala wenu anasema paundi 1,200 ndo maziwa yatakayoongezeka kwetu. Sio kweli. Hiyo ni tofauti na wastani wa ng'ombe wa kule kwao, kwa uzao mzima wa siku 305, kama kilo 1.8 kwa siku, tena kwa malisho ya kule. Huku kuna joto, kupe na ugonjwa wao wa ndigana kali, na kiangazi majani hamna, dume anayeongoza kule anaweza asiongoze huku kabisa.

Tunataka mirija ya huyo dume iliyobaki kwa wakala mtubadilishie bila malipo, mlete dume mwenye miezi chanya na ambaye mabinti zake wanashika mimba vizuri. Katalogi mpya iwe na namba zote, na mabinti waliozaliwa huku muwaandikishe maziwa yao na siku wanayotoka zizini na sababu yake, sisi daftari tunalo tayari. Hadi mtakapojibu kwa maandishi hatununui kwa wakala wenu hata mrija mmoja.

Katibu, kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa
Masasi, Mtwara