Msimkate dereva hela ya klachi kabla ya kujua kilichoharibika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wenye magari, hasa wenye Canter na Fuso zinazoshusha mboga kutoka Lushoto na kupanda na saruji au mbolea. Kuna tabia imeota mizizi huku kwetu. Gari likigoma kuingia gia, dereva anaambiwa kwenye simu kwamba ameunguza klachi, na mwisho wa mwezi anakuta mshahara umekatwa. Kilichoharibika hakuna aliyekiangalia.

Kijana aliyekuwa utingo wangu, ambaye sasa ana leseni yake na anaendesha Canter ya mtu, alikwama na saruji juu ya Mombo, hajafika Soni. Wanaoijua barabara ile ya Mombo mpaka Lushoto wanajua ni kilomita kama 33 za kupanda na kona, jabali upande huu, korongo upande ule. Nilikuwa nyuma yake. Tukaweka mawe kwenye tairi, nikakaa kwenye usukani wake. Pedali ya klachi ilizama mpaka chini bila uzito wowote. Gia ya kwanza ilikataa, rivasi ikasaga. Nikaipampu pedali harakaharaka, ikapanda kidogo, gia ikaingia. Nikafunua kapeti. Rangi ya bodi chini ya pedali ilikuwa imebabuka na kuvimba, na oili ya breki ilikuwa imechora mchirizi kutoka kwenye masta, ile pampu ndogo ya oili inayosukumwa na pedali ya klachi. Rangi haibabuki hivyo kwa safari moja. Masta ile ilikuwa inavuja kitambo.

Klachi ikiwa imekwisha, gia zinaingia bila tabu, ila ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na lori halivuti, hasa mlimani, na harufu ya kuungua unaipata humohumo ndani. Pedali ikizama na gia zikakataa, fundi anayejua kazi anaanza na kikopo cha oili, kisha masta ya juu, kisha ile ya chini pale kwenye giaboksi. Kazi hiyo inataka tochi na kitambaa tu. Ukisikia mlio unaokuja ukikanyaga pedali na kupotea ukiiachia, ishuku beringi ya klachi. Maswali haya yanaulizwa kabla mtu hajashika spana.

Yule kijana hakuulizwa hata moja. Mwenye gari aliagiza kwa simu giaboksi ishushwe, na gereji ikashusha. Ikafungwa pleti mpya, yaani ile sahani ya klachi inayolika, na presha mpya inayoibana pleti hiyo, na pamoja na ufundi ikawa shilingi 480,000. Gari lilipomaliza kufungwa, pedali ikazama vilevile. Ndipo ikafunguliwa masta, ikabadilishwa mipira kwa 20,000, na lori likapanda Lushoto na saruji yake. Pleti ya zamani niliishika mwenyewe. Vichwa vya riveti vilikuwa bado vimezama ndani, unene umebaki wa kutosha, na uso wa presha ulikuwa safi, hauna buluu ya kuungua wala nyufa. Ilikuwa na kazi nyingi bado mbele yake.

Pamoja na hayo, 480,000 zote amebebeshwa dereva. Mshahara wake ni 350,000 na anakatwa 160,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Amepanga chumba, ana mke na mtoto mchanga.

Wenye magari wengi wanadhani hiyo ni haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema vingine. Mwajiri anaweza kukata fidia ya hasara ikiwa tu imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Lazima ampe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 350,000 ni 87,500. Kijana huyu hakupewa hata kipande cha karatasi.

Simtetei kila dereva. Wapo wanaoendesha mguu umelala juu ya pedali siku nzima, na wapo wanaolishikilia lori mlimani kwa klachi wakati handbreki ipo. Klachi iliyouliwa hivyo inaacha ushahidi: pleti inang'aa au imekuwa mkaa, presha na flaiwili, lile gurudumu la injini linalogusana na pleti, vina madoa ya buluu. Nikionyeshwa hayo, na mimi nitasema dereva ana lake la kujibu. Lakini pleti iliyolowa oili kwa sababu sili ya nyuma ya injini inavuja, dereva kaifanya nini? Na pleti iliyokwisha kwa miaka ya kupanda Soni na mzigo ni gharama ya biashara, sawa na tairi.

Ndugu zangu wenye magari, giaboksi ikishushwa, dereva awepo. Pleti, presha na beringi za zamani ziwekwe kwenye kiroba mzione, zisikimbizwe kwa wanunua vyuma chakavu. Dai risiti inayotenganisha spea na ufundi. Hapo ndipo mtajua pia kama fundi amewafungia pleti mpya na kuwaachia beringi ile ile ya zamani, maana beringi hiyo ikilia baadaye giaboksi itashuka tena na ufundi mtaulipa upya, wakati vyote vingebadilishwa kwa ushushaji mmoja. Nasema haya kwa faida yenu pia.

Kijana wangu yuko ndani ya siku 60 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fomu ameshajaza. Nimekubali kuwa shahidi wake, na pleti ile tutaibeba. Mwenye gari akitaka yaishe kabla ya hapo, amrudishie aliyokwisha kumkata na afute yaliyobaki.

Dereva wa malori,
Lushoto, Tanga