Barua ya wazi kwa vijana mnaoshika raketi

Wanangu,

Nguvu mnazo, mbio mnazo. Ila mwamuzi akikataa mpira mmoja tu, raketi inapigwa chini na seti nzima imeshakwenda. Ndiyo maana leo nawaletea habari za Arthur Ashe, bingwa Mweusi wa tenisi wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1943 huko Richmond, Virginia, wakati ambapo Mweusi haruhusiwi kukanyaga viwanja vya Wazungu. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya watu weusi, wakiishi humo humo, viwanja vya tenisi mlangoni. Baadaye alilelewa kimchezo na Dk. Robert Walter Johnson wa Lynchburg, ambaye alikuwa na amri moja ambayo ninyi mngeigomea: mpira wa mpinzani ukitoka nje kidogo, urudishe kana kwamba umeingia. Na usibishane na mwamuzi. Daktari alijua kwamba kijana Mweusi akigombea mstari, atakuwa amewapa watu kisingizio cha kumfukuza. Ilikuwa dhuluma hiyo, wala siwaombei muishi hivyo. Lakini Ashe alitoka pale akiwa na moyo usiotikisika.

Mwaka 1968 alitwaa US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, na kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa, asiyeruhusiwa kulipwa, dola 14,000 za bingwa hakuzigusa. Hayo tuyaache.

Ninachotaka mkitazame ni fainali ya 1975 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Mbele yake alisimama Jimmy Connors, bingwa mtetezi, mdogo kwake kwa miaka tisa. Connors alipenda mpira wa kasi. Ukimpiga kwa nguvu, anakurudishia nguvu zako mwenyewe. Ashe, aliyezoeleka kwa kupiga kwa nguvu, siku hiyo akamnyima kasi. Mipira laini, ya chini, kwenye mkono wa mbele wa Connors. Connors akisogea wavuni, unapita juu ya kichwa chake. Ashe akachukua seti mbili za kwanza, 6-1, 6-1. Kisha Connors akaichukua ya tatu 7-5, na ya nne akatangulia 3-0. Hapo ndipo wengi wenu mngerudia kupiga kwa hasira. Ashe aliketi kitini wakati wa mapumziko, macho kafumba, akanyanyuka na mipira ile ile laini. Akashinda 6-4.

Msije mkadhani alikuwa mpole wa kunyamazia mambo. Mwaka 1985 alikamatwa akiandamana nje ya ubalozi wa Afrika Kusini, Washington, kupinga ubaguzi. Mwaka 1992, akijua ana UKIMWI alioupata kwa kuongezewa damu, alikamatwa tena nje ya Ikulu ya Marekani akiwatetea wakimbizi wa Haiti. Alifariki Februari 1993. Hasira alikuwa nayo, ila aliipangia siku yake.

Basi mazoezi yajayo, chezeni seti moja bila mpira wa nguvu hata mmoja. Mtaudhika. Atakayeudhika kuliko wote ndiye nitakayeanza naye.

Mzee wenu