Barua ya wazi kwa Afisa Mipango wa Wilaya: funga kitufe cha kuhifadhi kwanza

Kwa Mheshimiwa Afisa Mipango wa Wilaya,
West Nile, Uganda.

YAH: KIHARIRI CHA RAMANI KINACHOHARIBU RAMANI

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima. Barua tatu tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na yaliyotokea Jumamosi iliyopita yametulazimu kuandika hii hadharani.

Siku hiyo wahudumu wa afya wa vijijini na vijana wa bodaboda waliketishwa kwa mara ya kwanza mbele ya kihariri kipya cha wilaya, yaani programu ya kuchorea ramani. Ilipofika saa nane mchana, mpaka kati ya parokia mbili (maeneo ya utawala, si ya kanisa) ulikuwa umehama, barabara ya kwenda kituo cha afya ilikuwa imekatika, na visima vitatu vya pampu ya mkono vilikuwa vinaonekana kama sita. Yote hayo yaliingia moja kwa moja OpenStreetMap, ramani inayosomwa na kila mtu. Jibu la ofisi yako lilikuwa kwamba watu hawakuwa makini. Si kweli, Mheshimiwa. Wasiostahili lawama ndio wanaolaumiwa.

Ramani ya pamoja imejengwa kwa nukta. Barabara ni nukta zilizofuatana kwenye mstari, nyumba ni mstari uliojifunga, na mpaka wa parokia mara nyingi hupita juu ya nukta zilezile za barabara au mto. Mtu anayeanza hushika ramani aivute aone upande wa pili. Kidole kikiangukia kwenye nukta, kihariri chenu huvuta nukta badala ya ramani. Barabara inapinda, na mpaka ulioshikana na nukta hiyo unafuata. Hakuna onyo lolote. Mtu anaendelea na kisima chake, anamaliza, anabonyeza kuhifadhi, na hajui kamwe kwamba amehamisha mpaka.

Dawa yake inajulikana. Nukta isivutike mpaka mstari wake uwe umechaguliwa kwanza. Kidole kikiteleza pikseli chache tu, kihariri kihesabu kuwa ni kubofya, si kuvuta. Na mipaka ya utawala ifungwe kabisa kwa anayeanza: aione, asiiguse. Hakuna mhudumu wa afya anayehitaji kusogeza mpaka wa parokia ili aandike kisima.

Barabara iliyokatika ina chanzo kingine. Mistari miwili inaweza kukutana machoni na isikutane katika data. Mmoja ukiishia nusu mita kabla ya mwingine, au ukipita juu yake bila nukta ya pamoja, programu ya kutafuta njia huona barabara mbili zisizojuana, na dereva wa gari la wagonjwa huelekezwa kuzunguka. Kihariri kinapaswa kunasa: kidole kikikaribia mstari uliopo, nukta mpya iushike. Kisha kabla ya kuhifadhi, kikague ncha zote zilizobaki wazi karibu na barabara nyingine, kimpeleke mtu pale penye kasoro na kumpa kitufe kimoja cha kuunganisha. Vivyo hivyo barabara ikikata mto: kiulize ni daraja, ni kalvati, au magari yanapita majini. Wenyeji wanalijua jibu. Hawajaulizwa tu.

Kuhusu visima tunaomba usome kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo watu walipoitwa wazembe. Tulivikagua. Kila kisima kilichojirudia kimekaa sawasawa juu ya kile cha kwanza, latitudo na longitudo zikiwa sawa mpaka tarakimu ya saba baada ya desimali. Tarakimu ya saba ni kama sentimita moja ardhini. Hakuna watu wawili wanaoweza kubofya kisima kimoja kwenye picha ya setilaiti wakalingana kwa sentimita. Kwa hiyo tunaamini ni mtu mmoja, kazi moja, iliyotumwa mara mbili: kazi ilifika kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza ramani, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, kihariri kikasema "imeshindikana, jaribu tena", naye akatii. Seva hukagua namba ya toleo la kitu kilichokuwepo tayari, na mtu akileta mabadiliko juu ya toleo la zamani humkatalia. Kitu kipya hakina toleo la kulinganisha, kwa hiyo kinapokelewa tena kama kitu kingine kipya. Kihariri lazima kiulize seva kwanza kama mzigo ulifika, ndipo kitume tena. Tena kihifadhi kazi ndani ya kivinjari chenyewe kila hatua, maana umeme wetu unaujua, na bando la mtu huisha katikati ya kazi.

Kuna mengine ambayo hayaharibu ramani ila yanafukuza watu. Kihariri chenu kinajua nyumba za pembe nne tu, nanyi mnawatuma watu kuchora vijiji vya msonge. Tuliona mama mmoja akibofya nukta kumi na tisa kuzunguka paa moja, na umbo likatoka kama kiazi. Bofya katikati, vuta mpaka ukingoni, duara limekamilika: ni kitufe kimoja. Pia mtu akitafuta "kisima" hapati kitu, mpaka aandike man_made=water_well. Alama hizo ni za mashine. Mtu aandike kisima, au neno la Kilugbara analotumia nyumbani, kihariri kiweke alama chenyewe nyuma ya pazia.

Mazoezi je? Kihariri cha iD, ambacho ndicho OpenStreetMap imewapa wanaoanza tangu 2013, kina somo la hatua kwa hatua ambalo halihifadhi chochote. Msimbo wake uko wazi, mngeuchukua bure. Somo hilo limechorwa juu ya mji wa Three Rivers, jimbo la Michigan, Marekani, kwa hiyo tulipendekeza mliweke juu ya parokia moja ya hapa, yenye soko, kisima, njia ya miguu na kituo cha afya cha daraja la III. Ninyi mkaliondoa somo lote, mkasema linachelewesha watu.

Mheshimiwa, ramani hii huweka historia ya kila kitu, na tunaweza kurudisha yaliyoharibika. Lakini kila saa inayopita mtu mwingine huchora juu ya kosa, na hapo kulirudisha huwa ni kufumua kazi ya asiye na hatia. Tumekwisha kutumia usiku nne. Hatuwezi kuendelea kuteka maji kwa pakacha.

Mwezi Februari, mbele ya wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, ulisema kwa kinywa chako kwamba kihariri hakitafunguliwa kabla ya kujaribiwa na watu wasiowahi kuchora ramani. Hakikujaribiwa. Tunaomba ahadi hiyo, na hiyo tu. Funga kitufe cha kuhifadhi leo. Ita watu watano ambao hawajawahi kugusa ramani, wape kisima kimoja, msonge mmoja na njia moja ya kuunganisha na barabara, kisha mafundi wako wakae nyuma yao bila kusema neno, waandike kila mahali mtu anapokwama. Siku moja inatosha. Kifungue tena siku ambayo wote watano watamaliza bila kuharibu kitu.

Awamu ya pili imetangazwa kuanza Jumatatu. Tafadhali, kifunge kabla ya Jumatatu.

Wako kwa heshima,
Wachora ramani wa kujitolea wa wilaya