"Look forward to": tuwaeleze wanafunzi sababu, si kukariri tu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kosa moja la Kiingereza lililozoeleka hadi wengi hawalioni tena. Katika barua za kuomba kazi, baruapepe za ofisini na hata barua za mfano ambazo wanafunzi hunakili ubaoni, mstari wa mwisho mara nyingi husomeka: "I look forward to hear from you." Sahihi ni "I look forward to hearing from you."

Mwanafunzi akikosolewa huambiwa aweke "-ing" na akariri. Hapo hatujamsaidia. Kesho ataandika "I look forward to meet you", kwa sababu alichokariri ni "hearing" peke yake.

Sababu ipo, na Mswahili anaweza kuielewa upesi kupitia lugha yake mwenyewe. Kwetu "kusikia" hufanya kazi mbili. Tunasema "nataka kusikia", na tunasema pia "kusikia kwake kumepungua", ambapo neno lilelile limekuwa jina na limeleta upatanisho wake. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "to hear" kwa ya kwanza, "hearing" kwa ya pili. Sasa ile "to" ya "look forward to" haimo katika "to hear" hata kidogo. Ni kihusishi, sawa na "to" ya "I went to Dodoma", na kinachokifuata lazima kiwe jina.

Anayetaka kupima aweke jina la kawaida. "I look forward to the interview" inakubali. "I want to the interview" haikubali. Palipokubali jina, kwa kawaida kitenzi kikija kitavaa "-ing". Ndiyo maana tunasema "I am used to working at night", yaani nimezoea. "I used to work at night" ni habari nyingine: nilifanya hivyo zamani, sasa nimeacha.

Nadhani mkanganyiko mwingi unatokana na "I hope to hear from you", ambayo ni sahihi kabisa, maana hapo "to" ni ya kitenzi. Na mwenye haraka aandike "I look forward to your reply", amalize.

Wapo watakaosema mwajiri ataelewa tu. Ataelewa, ndiyo. Lakini kijana aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, anastahili kuelezwa lugha hiyo inavyofanya kazi. Inaniuma akihukumiwa kwa mstari aliopewa darasani.

Walimu wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne, nawaomba: mkifundisha barua rasmi, tengeni dakika chache kwa "to" hizi mbili, na muwape wanafunzi vitenzi vingine wajaribu wenyewe.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro