Mhudumu wenu aliniambia niendelee kuvaa helmeti iliyokwisha kazi

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USHAURI NILIOPEWA BAADA YA AJALI YA BAISKELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki tatu zilizopita gurudumu la mbele la baiskeli yangu liliteleza kwenye mchanga, nikaanguka ubavu na upande wa kichwa ukabamiza lami. Niliinuka mwenyewe. Kiwiko kilichubuka, kichwa kikasalimika, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Kazi ambayo helmeti yenu ilifanya siku ile sina neno nayo.

Kesho yake niliwapigia simu kuuliza swali moja tu: je, bado inafaa? Mhudumu akataka kujua kama ganda la nje limepasuka. Nikamwambia ni mikwaruzo tu. Akanijibu, "Basi iko sawa, endelea kuivaa." Nami nikaivaa siku tisa.

Siku ya kumi nilibandua sponji za ndani ili nizifue. Chini ya sponji ya kisogoni kulikuwa na kibandiko chenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, kikionya kwamba helmeti ikipata pigo kubwa inaweza kuharibika bila uharibifu wenyewe kuonekana, hivyo irudishwe kwa mtengenezaji ikaguliwe, la sivyo iharibiwe na inunuliwe nyingine. Yaani jibu la swali langu lilikuwa ndani ya bidhaa yenu muda wote, na lilikuwa kinyume kabisa na nililopewa kwenye simu. Tena si hisani yenu kuliandika. Kibandiko hichohicho kinatamba kwamba helmeti imetimiza kanuni ya Marekani ya usalama wa helmeti za baiskeli iliyoanza kutumika Machi 1999, na kanuni hiyo inataka onyo hilo liwepo. Kulificha chini ya sponji sijui ni wazo la nani.

Baada ya kusoma nilichukua tochi. Upande nilioangukia, povu jeupe lilikuwa limebonyea; kidole gumba kilizama kidogo pale ambapo upande wa pili hakikuzama. Kulikuwa pia na ufa mwembamba kama unywele. Ukiitazama kwa nje, ungesema imetoka dukani jana.

Mhudumu wenu inafaa aelezwe kwa nini hali huwa hivyo. Kinachookoa kichwa ni povu, si ganda. Chembe zake zina hewa ndani, na pigo likija zinapondeka, zikimeza nguvu ambayo ingeishia kwenye fuvu. Zikishapondeka hazifutuki tena. Ganda la plastiki, kwa kuwa ni jembamba na linanepa, hurudi katika umbo lake na kufunika yote. Kwa hiyo kumuuliza mteja kuhusu ganda ni kumuuliza kuhusu sehemu isiyojua lolote. Swali la kuuliza ni moja: kichwa kiligonga kitu ukiwa umeivaa?

Kuna jambo la pili, dogo zaidi. Kibandiko kinaonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kwa hesabu yangu helmeti niliyouziwa kama mpya ilikuwa na miaka 4 tayari. Kijitabu chenu kinasema ibadilishwe baada ya miaka 5, bila kusema miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Najua umri una mabishano yake: Taasisi ya Snell, inayopima usalama wa helmeti, inashauri miaka 5, na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa inataja 5 hadi 10. Sitagombana nanyi juu ya mwaka mmoja. Ila kama hesabu yenu inaanzia kiwandani, mliniuzia mwaka mmoja kwa bei ya mitano.

Sidai helmeti ya bure; nimeshanunua nyingine, na ile ya zamani nimeikata mikanda mtu asije akaiokota akaivaa. Ninachotaka ni wahudumu wote wapewe jibu sahihi, onyo lihamishiwe mahali ambapo mnunuzi ataliona kabla ya kulipa, na mnijibu kwa maandishi miaka 5 yenu inaanzia wapi. Zaidi ya yote, kama simu zenu hurekodiwa, watafuteni wengine walioambiwa "iko sawa" na muwapigie.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Kipande cha povu kilichobonyea ninacho, mkitaka kukiona.

Wenu,
Mteja