Kwa mpwa wangu anayetengeneza gemu ya Mekatilili

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Mchoro wako nimeutazama mara nyingi, na mkono wako una kipaji mno. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, ili na vijana wengine wa hapa Mombasa wanaotengeneza gemu wasome.

Umemchora vipi Mekatilili, mama yule aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza? Kiuno cha nyigu, kifua kimefura, kitambaa cha upana wa kiganja. Wanaume waliomfuata wana ngao na mavazi kamili. Kiongozi wa vita ndiye pekee uliyemvua.

Utaniambia wanawake wa Kigiriama zamani walivaa hando, ile sketi ya marinda, kifua wazi. Ni kweli, wakalima na kutwanga hivyo hivyo. Mimi silalamikii ufupi wa nguo. Nalalamikia kamera uliyoiweka nyuma ya makalio yake, inapanda taratibu, na uso hatujauona bado. Mekatilili wa Menza mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akawalisha watu kiapo wasiwatumikie Waingereza. Alikuwa mtu mzima, mjane. Wakamkamata, wakampeleka Kisii, magharibi mwa Kenya, akatoroka, akarudi pwani kwa miguu! Hiyo miguu ndiyo ningependa kuiona kwenye gemu yako: vumbi, misuli, nyayo zilizopasuka.

Tabia hii hukuianzisha wewe, najua. Chukua gemu ya Metroid ya kampuni ya Nintendo, ya 1986. Mchezaji anapigana mwanzo hadi mwisho akiwa ndani ya deraya, kisha anagundua kwamba shujaa ni mwanamke, Samus Aran. Ingekuwa jambo la fahari kubwa. Lakini watengenezaji wakalifunga kwenye saa: ukimaliza chini ya saa 5 anavua kofia ya chuma, ukimaliza chini ya saa 1 unamwona na bikini. Yaani shujaa mwenyewe, aliyeshinda vita vyote vile, anageuzwa tuzo ya kumpa anayembonyezea vitufe. Na msichana aliyeshika pedi ya kuchezea gemu, yeye anatunukiwa nini hapo? Swali hili linaniuma. Mabanda ya gemu ya Majengo na Kisauni yamejaa wavulana, nasi tunasema wasichana hawapendi gemu.

Mwaka 2015, katika gemu ya Metal Gear Solid V, wakaleta mdunguaji aitwaye Quiet, yuko vitani karibu uchi, na hadithi ikadai eti anapumua kwa ngozi. Mtu alikaa akakitafuta kisingizio hicho.

Wala usiniambie bila hivyo gemu haiuzi. Lara Croft, shujaa wa gemu za Tomb Raider, alitoka 1996 na kaptura na kifua cha kutiwa chumvi. Mwaka 2013 wakamchora upya: suruali, matope, majeraha, mwili wa mtu anayepanda majabali kweli. Gemu hiyo ikauzwa kuliko zote za mfululizo ule.

Basi mchore upya, mwanangu. Mpe umri wake, na hando lenye marinda kama wanavyolishona wenyewe. Kamera iwe usawa wa macho yake, tuone anavyowatazama watu anapowaapisha. Sanamu yake iko Malindi. Panda matatu ukaitazame kabla hujagusa kompyuta tena, nauli juu yangu.

Shangazi yako