Kwa dada yangu aliyepigwa mionzi kifuani

Dada yangu mpendwa,

Uliponiambia kwamba umeacha kwenda kliniki kwa kuwa miaka 30 imepita na ugonjwa wa Hodgkin, ile saratani ya tezi za limfu, haujarudi, nilinyamaza, maana sikutaka kuitia doa furaha yako. Leo nakuandikia hadharani, kwa sababu wapo wengi waliopona kama wewe na hawajaambiwa haya.

Mionzi ilikuponya, na hilo halina ubishi. Mwaka 1950, wakati ambapo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huu hauna tiba, Dkt. Vera Peters wa Toronto alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa waliowahiwa mapema waliweza kuishi miaka mingi baada ya kupigwa mionzi. Lakini ili isisazwe tezi yoyote yenye ugonjwa, mionzi ya enzi zako ilielekezwa shingoni, makwapani na katikati ya kifua, mara nyingi kwa dozi ya takriban grei 40 (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini); moyo, mapafu, matiti na tezi ya thairoidi vilikuwa njiani. Siku hizi wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo wenye dalili nzuri hupewa mizunguko miwili ya tibakemikali na grei 20 tu, tena mahali palipokuwa na ugonjwa pekee.

Madhara ya mionzi ile huchelewa mno, na ndiyo maana yanatughilibu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia watu 3,905 waliotibiwa kati ya 1965 na 2000, ulionyesha kwamba hata baada ya miaka 35 hatari yao ya kupata saratani nyingine ilikuwa bado kubwa kuliko ya watu wengine. Wewe ulitibiwa ukiwa na miaka 19, umri ambao matiti hudhurika zaidi kwa mionzi. Mishipa na vali za moyo nazo huweza kuharibika polepole, kwa hiyo ule upungufu wa pumzi unaoupata ukipanda ngazi, ambao wewe unausingizia uzee, mimi unaninyima usingizi.

Nakuomba umweleze kila daktari kwamba ulipigwa mionzi kifuani, kwa sababu asipojua hatakuwa na sababu ya kukupima moyo, wala ya kukuandikia picha za matiti za kila mwaka pamoja na MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), wala kipimo cha damu cha thairoidi. Litafute lile faili la zamani lenye dozi yako. Ukilipata, niambie siku ya kwenda, nitakusindikiza.

Mdogo wako